Baba Aliyetutoroka Kwenye Televisheni

Siku baba yangu alipotutoroka mimi na mama, nilikuwa nasuka nywele za mteja, na yeye baba alikuwa marehemu tangu nikiwa mtoto mdogo.

Msicheke. Someni kwanza.

Naitwa Mapalo. Nina saluni ya kusuka hapa Bel-Air, Lubumbashi. Ni chumba kimoja, viti vichache, kioo kikubwa, na televisheni niliyoitundika juu ya mlango. Kusuka rasta ni kazi ya nusu siku, na mwanamke akikaa nusu siku bila kitu cha kutazama ataanza kutazama makosa yako.

Jumamosi hiyo mchana ilikuwa saa ya tamthilia yetu, Moshi Haukukatika. Wanawake walikuwa wamejazana mpaka mlangoni, hata wale ambao hawakuja kusukwa.

Kwenye skrini, mtu anayeitwa Kapya anafunga begi. Anambusu binti yake aliyelala. Anapanda gari la Likasi. Huko Likasi kuna mwanamke anamngoja, tumbo limeshatokeza. Kisha Kapya anamshika mkono dereva anayerudi Lubumbashi na kumwambia:

"Uende ubaambie kama nilikufwa mu shimo."

Vichwa vyote vikanigeukia. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba yule Kapya ni baba yangu. Nilikuwa nimewaambia mwenyewe, tena kwa kujidai.

Dorcelle, mteja wangu wa siku zote, mdomo wake hauna breki. Akageuza shingo, rasta bado ziko mkononi mwangu.

"Yaya Mapalo... kumbe papa yako njo vile alifanya?"

Ngoja nianze mwanzo, maana nikikumbuka hapo nashikwa na hasira.

Tamthilia hiyo iliandikwa na Jephté. Jephté ni rafiki yangu tangu utotoni. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua tu, na tulikula sahani moja. Mama yangu alimpiga kofi alipokosea kama alivyonipiga mimi. Yeye alibahatika kusoma chuo kikuu kule Kasapa, akatoka na kipaji cha kuandika na ndevu tatu.

Siku moja alikuja saluni, macho yanawaka.

"Mapa, sikia. Na kama kazi haingeisha?"

Ukiwa si mtu wa hapa, utauliza kazi gani. Kwa wazee wetu kazi ilikuwa moja tu, ile ya kampuni ya shaba. Baba yako akiwa na kazi, mwisho wa mwezi gunia la bunga, unga wa mahindi, linaingia nyumbani. Shule ya kazi, hospitali ya kazi, hata mpira ulichezwa kwenye uwanja wa kazi. Halafu kazi ikaanguka. Mishahara ikawa haiji, magunia yakakatika, na wanaume wakatawanyika kutafuta riziki kwenye mashimo ya madini.

Sasa Jephté alitaka kutengeneza mji ambamo hayo yote hayakutokea. Bomba la kiwanda bado linatoa moshi, king'ora bado kinalia asubuhi, bunga bado linakuja. Kifaransa kina neno la hadithi za namna hiyo, refu, la wasomi. Mimi niliziita historia za "kama".

Wazo nililipenda papo hapo. Nikamwambia, "Mu ile muji yako, papa yangu iko muzima?"

"Njo nilikuya kukuuliza," akasema. "Nipe papa yako."

Nikampa baba yangu wote.

Nilimweleza kuhusu baba yangu Katongo, mtoboa miamba chini ya ardhi. Mashine ilimla vidole viwili vya mkono wa kulia, basi akawa anakula bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto na mama anamgombeza. Alikuwa anacheka mwenyewe kabla hajamaliza kuchekesha wengine. Kazi ilipoanguka alikwenda Kolwezi kuchimba, shimo likamfunika, wakamzika hukohuko. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule. Tulihama kambi ya wafanyakazi, tukaja Bel-Air, mama mjane na mimi yatima.

Hayo ndiyo niliyoyajua. Jina la baba lilikuwa kitu pekee alichoniachia, na nililishika kwa mikono miwili.

Nikamwomba Jephté jambo moja tu.

"Usiniharibie papa."

"Mapa! Miye? Promesse."

Jamani, sehemu za mwanzo zilikuwa tamu.

Kilibadilishwa kitu kimoja tu, kwamba kazi haikuanguka. Mengine yote yalibaki vilevile. Wake walikuwa wanagombana kwa sababu jirani amepunja kopo la bunga. Mkwe alikuwa bado mbaya. Kapya alikuwa anarudi nyumbani amechoka, anavua viatu mlangoni, anakula kwa mkono wa kushoto. Wazee walisimama nje ya dirisha la saluni yangu, wanaume wazima, wanatazama kupitia pazia. Mmoja alipoona kofia ya chuma ya kazini alitoka nje kujipangusa uso.

Princesse, anayeuza samaki sokoni, alisema: "Hii série inaniumiza muzuri."

Na mimi nilimwona baba akizeeka. Ninyi mlio na baba hamwezi kuelewa. Niliona mvi zikimtoka mtu ambaye sikuwahi kuziona mvi zake.

Mama peke yake hakutazama. Kila nikimwita, "Mama, kuya uone papa," alisema macho yanamuuma. Nikadhani ni mapenzi. Nikadhani kidonda bado kibichi.

Tena nilikuwa nahubiri kwa wateja. Nilikuwa nasema: mama yangu alipenda mara moja. Kuna mfanyabiashara wa jumla, Papa Constantin, mtu wa Butembo, mcha Mungu, ana maghala na malori, alimtaka mama kwa heshima zote. Alikuja na wazee wa kanisa lake. Mama akakataa. Nilipokuwa nawasimulia, wanawake walitikisa vichwa kwa mshangao, na mimi nilijiona binti wa mapenzi makubwa.

Halafu msimu wa pili ukaanza, na Jephté akalewa sifa.

Kwanza treni zikaanza kupita hewani. Likaja jengo refu kuliko milima. Kapya akawa mkurugenzi. Sawa, tukavumilia.

Kisha wahusika wakaanza kufundishana. Mtu na mkewe wako kitandani, mume anamweleza mke kampuni yao ilianzaje na mwaka gani iliponea chupuchupu, kana kwamba mke alizaliwa jana.

"Huyu bibi yake alikuwa wapi?" Dorcelle akauliza. "Ao alikuwa na safari?"

Lakini kilichoua kila kitu ni mlango. Jephté aliweka mlango chini ya mgodi, ukipita unatokea kwenye historia nyingine. Mtu akifa upande huu, analetwa mwenzake wa upande ule, anakaa mezani, anakula.

Rafiki mkubwa wa Kapya alikufa. Saluni nzima tulilia, Princesse akatumia taulo langu safi. Wiki iliyofuata huyu hapa, anaingia anapiga mluzi.

"Ule, shi alikufwa?" Dorcelle akaruka.

"Huyu anatoka ku historia ingine," nikamweleza.

"Basi banirudishie machozi yangu!"

Wakacheka mpaka wakashikana. Nami nilicheka, lakini niliona jambo. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyelia tena. Mtu akianguka, mtu akipigwa risasi, Princesse anasema, "Atarudia," na anaendelea kuhesabu shanga za mtoto wake. Hapa kwetu mambo yakibadilika kuna mtu anaumia. Kwenye tamthilia yalibadilika kila wiki na hakuna aliyedhurika.

Wakaanza kuniomba niweke kwaya. Wakaomba mpira. Wanawake, jamani, wanaomba mpira!

Mimi nikabaki natazama peke yangu kwa ajili ya baba.

Jephté akakonda. Televisheni ilimwambia watazamaji wanakimbia, arudishe watu ama waifute. Alikuja saluni mara moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, hakuniangalia machoni. Nikamtengenezea chai. Nilimwonea huruma, mjinga mimi.

Ndipo ikaja ile Jumamosi niliyowaambia.

Sikumaliza kichwa cha Dorcelle. Nilimwacha na rasta upande mmoja, nikapanda gari la Kasapa.

Watu wa tamthilia walikuwa wanapiga picha nyuma ya nyumba za wanafunzi. Jephté amekaa kwenye kiti cha plastiki, karatasi mapajani. Aliponiona akasimama haraka.

"Mapa, ikala kwanza," akanisogezea kiti.

"Siikale! Juu ya nini ulimufanya papa yangu muntu ya vile?"

"Batu balikuwa banatoroka. Tulikuwa na lazima ya kitu ya kweli."

"Kitu ya kweli? Papa kuacha batoto, kulala na bibi ingine, kujifanya maiti, njo kitu ya kweli? Ulinipa promesse!"

Waigizaji walikuwa wamegeuka wote. Yule anayemwigiza Kapya alikuwa anakula mkate, akausimamisha mdomoni.

Jephté akanishika mkono. Nikauvuta.

"Ulikula bukari ya papa yangu? Hapana. Ulikula ya mama yangu! Njo hivi unamulipa?"

Akainamisha kichwa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mapa, mu ile saison yote, ile kutoroka yake njo kitu moja tu yenye sikubadilisha."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilisimama pale namtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua.

"Uende kwa mama," akasema. "Umuulize nani alimutosha lufu."

Nikageuka kurudi Bel-Air.

Nieleze kwa wasiojua. Kwetu, mume akifa, ukoo wake lazima umtume mtu kuja kumwondolea mjane kifo. Lufu ni kifo. Zamani mambo yalikuwa mazito. Siku hizi watu wa kanisa wanafanya kwa unga mweupe kidogo na maneno, au ushanga mweupe mkononi. Lakini lazima ifanyike, na lazima ifanywe na mtu wa ukoo wa marehemu. Bila hivyo kifo kiko juu ya mwanamke, na mwanaume mwenye akili zake hamwoi.

Mimi sikuwahi kuuliza nani alimfanyia mama. Nilikuwa mtoto. Nilipokua nilidhani mambo hayo yalipita.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliponiona uso akaacha mchi ndani ya kinu.

"Jephté alikuambia?"

Yaani hakuuliza kuna nini. Alijua.

"Mama, nani alikutosha lufu?"

Akakaa kwenye kigoda. Akafuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Hakuna."

"Juu ya nini?"

"Bangekuya kufanya nini, mwanangu? Muntu yabo iko muzima."

Nilitaka kukaa, hapakuwa na mahali. Nikakaa chini, kwenye udongo, na nguo zangu za kazi.

Mama akanieleza yote kwa mara moja, kama mtu anayetapika.

Baba hakufika Kolwezi. Aliishia Likasi. Alipata mwanamke, akapata kibarua, akatuma mtu kusema hatarudi. Hakuna shimo lililomfunika.

"Ulikuwa unaikala pa mulango kila mangaribi," mama akasema. "Haukuli. Unasema tu 'papa iko anakuya'. Nilikuwa nakuvuta kwa nguvu juu ulale. Siku moja nikachoka. Nikakuambia papa alikufwa. Ukalia, ukalala. Asubui ukakula chakula yote. Nikasema mu roho: basi, afwe."

Tulipohamia Bel-Air hakuna aliyetujua. Akajiita mjane, na mtaa ukamwita mjane.

"Na Papa Constantin?" nikauliza.

Akatazama sombe lake.

"Nilikuwa namupenda ule papa," akasema. "Lakini bazee bake bangeuliza tu ile moja: nani alikutosha lufu? Ningetaja nani? Kudanganya juu yangu, naweza. Kutia mu uongo jina ya muntu ya kabila ya bwana yangu, aitwe, aulizwe, hapana. Ile siwezi. Njo nikakatala."

Haya, wahubiri wa mapenzi makubwa, nisikilizeni. Mama yangu hakukataa kuolewa kwa sababu ya kumpenda baba. Alikataa kwa sababu hangeweza kuwa mjane wa mtu aliye hai.

Nikamuuliza mama, Jephté aliyajuaje hayo.

Kumbe alikuja kwa nia njema, au alianza nayo. Alitaka kuandika msiba wa Kapya kwa usahihi, akamuuliza mama ukoo ulimtuma nani. Swali lilelile mama alilolikimbia miaka yote likaja kwake kutoka kwa mtoto aliyemlea. Akashindwa. Akasema yote.

"Nikamulomba yee akuambie," mama akasema. "Polepole. Miye kinywa ilikatala. Akaniambia, 'Oui, mama, nitamuambia.'"

Akaniambia kweli. Aliniambia kupitia televisheni, saa ya matangazo, mbele ya Dorcelle na mji mzima, kwa sababu watazamaji wake walikuwa wanakimbia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakukosea.

Niliumia mara tatu siku hiyo, na niseme ukweli, sijui ipi iliniuma zaidi. Baba alinitupa. Mama alinidanganya nikiwa mtoto na akaendelea nikiwa mtu mzima na saluni yangu. Jephté alichukua aibu yetu akaigeuza dawa ya kazi yake. Nililia nikiwa nimekaa palepale chini, na mama hakuthubutu kunigusa.

Mnataka kujua kama dawa ilifanya kazi?

Ilifanya. Wiki iliyofuata mji wote ulikaa mbele ya televisheni. Hata wazee wa dirishani walirudi. Kila mtu alitaka kuona mke wa Kapya atafanyaje, ataishije, atamwambiaje binti yake.

Na Jephté akafanya nini? Akafungua mlango wake. Akamleta Kapya mwingine, mwema, kutoka historia nyingine. Akaingia nyumbani, akavua viatu mlangoni. Mke akalia kidogo, akacheka, wakala bukari. Ikaisha hapo.

Princesse alisimama katikati ya saluni.

"Hapana! Ule bibi aliumia juu ya nini, sasa? Ni bure?"

Nilikuwa nimegeukia ukutani najifanya natafuta kitana. Mama yangu alilipa ujana wake wote. Mke wa Kapya alilipa dakika chache kati ya tangazo la sabuni na tangazo la mafuta ya kula.

Dorcelle akanyoosha mkono, akazima televisheni. Kwa kila nyumba ya mtaa huu ilikuwa hivyohivyo, na kabla mvua hazijaanza, tamthilia ikafutwa kimyakimya.

Ningeishia hapa mngesema nimewaonea, maana bado sijafika penyewe.

Jumamosi moja mchana, mzee mwembamba alisimama mlangoni pa saluni. Koti la zamani lakini limepigwa pasi.

"Papa, hapa ni saluni ya bamama," Dorcelle akamwambia, si kwa ubaya.

"Natafuta Mapalo."

Akavua kofia kwa heshima. Mkono ulioshika kofia ulikuwa na vidole vitatu.

Wanawake wote waliuona. Walikuwa wameutazama mkono huo msimu mzima.

Nikasema, "Njo miye."

Aliniangalia kwa muda mfupi sana, kama anavyotazama mtu namba ya nyumba kuhakikisha amefika.

"Mama," akaniita, maana wazee wetu huita mabinti hivyo, "banasema weye unajua ule kijana mwenye kuandika ile série."

"Namujua."

"Umuambie amuue ule Kapya. Ule mwenye kutorokea Likasi. Afwe kabisa, asirudie."

Nikauliza: "Juu ya nini, papa?"

Papa. Neno hilo nililisema kwa sauti mbele yake kwa mara ya kwanza tangu utoto. Hakulisikia.

"Batoto bangu banaanza maulizo. Banaona ule mukono ya Kapya, banaona yangu. Banasema: papa, na weye uliacha batoto ku Lubumbashi?"

Batoto bangu. Anawasema hivyo, na mimi niko mbele yake na kitana mkononi.

"Ulibaambia nini?"

"Nilibaambia hapana."

Nilingoja aongeze neno. Nilingoja aulize kama nina mtoto, kama nilisoma, kama niliugua. Niko tayari kuapa kanisani kwamba ningemsamehe kwa swali moja tu.

Mama akaingia na bakuli la chakula changu, kama kila Jumamosi.

Alimwona. Hakupiga kelele. Aliweka bakuli juu ya meza ya mafuta ya nywele, akarekebisha kitenge kiunoni.

"Katongo."

"Mama Mapalo," baba akaitikia. Aliikumbuka heshima hiyo, kumwita mke kwa jina la mtoto. Mtoto mwenyewe ndiye aliyemsahau.

"Useme jina yako mbele ya haba bamama."

"Juu ya nini?"

"Sema."

"Miye Katongo."

"Bwana ya nani?"

Akazungusha kofia mkononi.

"Bwana yako. Wa zamani."

"Ulikufwa?"

"Hapana."

"Njo basi," mama akasema, akawageukia wanawake. "Mulisikia. Miye si mufiliwa. Miye muntu aliniacha."

Niliona kitu kimemtoka begani, na nikajua nilikuwa namtazama mwanamke ninayemjua nusu tu.

Baba akanigeukia tena, ana haraka.

"Na ile maneno ya Kapya?"

"Série iliisha," nikamwambia. "Baliikata. Hakuna muntu anaitazama tena."

Mnajua alifanya nini? Alitabasamu. Mabega yakashuka, uso ukafunguka, akawa kijana. Alisema, "Mungu iko mukubwa," akavaa kofia, akatuaga kwa adabu wote kwa pamoja, akatoka.

Hakuugeuza uso hata alipofika barabarani. Nilijua kwa sababu nilisimama dirishani, mahali walipokuwa wanasimama wale wazee, mpaka koti lake lilipopotea kati ya watu wanaokwenda sokoni.

Dorcelle, yule asiye na breki, alinyanyuka na kichwa kisichomalizika, akaenda kufunga mlango.

Baadaye, tulipobaki wawili, nilimwambia mama: sasa umefunguka, hakuna lufu, hakuna anayeweza kukuuliza. Nikataja jina la Papa Constantin. Nilikuwa na moto. Nilitaka kwenda kwake siku hiyohiyo, kama nami nina mlango wa kupitia.

Mama akanitazama kwa huruma.

"Alisha kuoa, mwanangu. Siku mingi."

"Lini?"

"Ulikuwa umeenda Kipushi kununua meshi ya kusukia. Banamama ba kanisa balilomba batu ya kupika." Akachukua bakuli langu, akalifunua, akalisogeza mbele yangu. "Nilimupikia ku harusi yake. Kula, itakuwa baridi."

Nikala. Ilibidi nile, alikuwa amesimama.

Sasa ninyi mnaoandika hadithi za "kama", nisikilizeni mimi msuka nywele. Watu hawazikimbii kwa sababu ni za uongo. Tuliipenda sana ile ya Jephté ilipokuwa uongo mtupu. Tuliikimbia siku tulipoona kwamba kila kinachovunjika kinarudishwa na hakuna anayelipa. Ukibadilisha yaliyopita, kuna mtu analipa, awe kwenye televisheni au nyuma ya nyumba anatwanga sombe. Ukimficha huyo, umetusaliti, na tutazima.

Jephté bado ananiandikia kwenye simu. Anasema ana tamthilia mpya. Sijamjibu.

Mama nampenda, na kila jioni tunakula pamoja. Ila siku hizi akianza kunisimulia jambo la zamani, hata dogo, hata la mvua ya mwaka fulani, najikuta nimeacha kutafuna, namtazama mdomo, nasubiri kuona kama ni kweli. Naye anaona kwamba nasubiri.